Nyumba Iliyohesabiwa Tupu

Miaka ile nilikuwa mwanafunzi Buffalo, Marekani, nikikaa kitongoji cha Kenmore, na utafiti wangu ulihusu vifaa vya nyumbani vinavyofikiri. Kuviunganisha na intaneti hakukuwa tena jambo geni. Watafiti sasa walitaka vielewe maana ya vinachopima: si kwamba mlango umefunguliwa tu, bali kwamba mwenyeji ametoka.

Kaka yangu na mkewe walikuwa wamepanga mtaa wa Linden, kule Columbus, wakakubali nifanyie majaribio yangu nyumbani kwao. Nikafunga vihisi vya mwendo, nikaandika kanuni: wenyeji ni wawili, simu zao zikitoka, nyumba ni tupu; nyumba ikiwa tupu, hita ya kupasha joto ishuke; wakirudi, ipande.

Januari, binamu yetu aliachishwa kazi kwenye ghala moja Louisville, akaja kukaa kwao. Hakuna aliyefikiria kuniambia.

Nikaja kupitia rekodi za kompyuta, nikaona kila mchana nyumba imehesabiwa tupu, na kila mchana kuna mtu anatembea kati ya sebule na jikoni. Nilidhani kihisi kimeharibika. Nikampigia shemeji.

"Hakijaharibika," alisema. "Huyo ni binamu yenu. Yuko hapa tangu mwezi uliopita."

"Na baridi anaivumiliaje?"

"Baridi gani?"

Jioni walimkalisha, nami nikisikiliza kwenye simu. Kumbe alikuwa akishinda ndani na koti na soksi mbili mbili.

"Mbona hukusema?" kaka alimuuliza.

"Niliona mkitoka tu, hita inashuka. Nikajua mnaniambia niondoke, ila kwa adabu. Nimeshaulizia basi la Ijumaa."

Nilisikia shemeji akilia. Nikaeleza kwamba kosa ni la kanuni zangu, si la wenye nyumba, na ikabidi nirudie mara mbili ndipo binamu akaamini.

Kurekebisha hita kulikuwa rahisi. Kilichonikwamisha ni namna ya kumwandika binamu kwenye kanuni: mgeni au mwenyeji? Makala nilizokuwa nikisoma zilichukulia kwamba nyumba ina watu walewale siku zote. Profesa wangu alisema hilo peke yake linatosha sura nzima ya tasnifu, na ndivyo ilivyokuwa.

Binamu hakupanda basi. Alipata kazi ya kutunza wazee, akaendelea kukaa kwa kaka hadi mwaka uliofuata. Vihisi vyangu shemeji alivibandua vyote, akavifunga kwenye boksi na kunirudishia kwa posta. Majaribio yaliyobaki niliyafanyia chumbani kwangu, nikiwa peke yangu.