Perege wa Kushikwa na Wageni

Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, mama mmoja wa Ipuli alifunua kapu mezani kwa bwana samaki, katika ofisi ya kilimo hapa Tabora. Ndani mlikuwa na perege wawili waliokufa, wana baka jeupe mgongoni kama tandiko la punda.

"Wanaisha bwawani, bwana. Na Jumamosi wanakuja wachumbiaji wa binti yangu. Nimewaahidi perege."

Niliacha foleni nikasogea. Ugonjwa huo nilikuwa nimeuona kitabuni tu, chuoni.

"Nani huwatoa majini?" bwana samaki aliuliza.

"Mimi. Kila mgeni nampa mmoja amshike. Niwafiche kama mchoyo?"

"Mama, ule utelezi ndio nguo yao. Mkiufuta, vijidudu vinaingia. Ondoa wagonjwa, ongeza maji mapya, usiwaguse."

"Na wachumbiaji?"

"Watazame kwa macho."

Sisi wa Tabora hatuamini tumemkaribisha mtu mpaka ashike kitu mkononi.

Kesho yake asubuhi nilifika bwawani kwake kuuona ugonjwa huo kwa macho yangu. Perege wengi walikuwa wakiogelea vizuri. Mama akainama haraka anitolee mmoja. Nikauwahi mkono wake, nikaushika mpaka tulipomaliza kusalimiana.