Sahihi ya Shamba

Cheti changu cha Kidato cha Nne kilikaa katika ofisi ya shule karibu miaka miwili kwa sababu niliona aibu kwenda kukichukua. Nilifanya mtihani nikiwa na mimba, nikajifungua wiki tatu baada ya karatasi ya mwisho, na tangu hapo kila nikikaribia lile geti nilivuka barabara nikapita upande wa pili. Karo nilikuwa nimemaliza. Mama aliuza mbuzi mpaka zizi likabaki na mavi makavu tu, kwa hivyo mtu asinianzie hapo. Ilikuwa aibu, basi.

Halafu chuo cha uuguzi cha hapa mjini kikaniita. Barua ilisema niripoti Ijumaa kabla ya saa kumi jioni, na cheti chenyewe mkononi. Si kopi. Si picha kwenye simu. Asiyefika, nafasi yake inapewa mwingine. Mimi barua hiyo niliipata Jumatano, maana ilikuwa imekaa siku nyingi kwa duka fulani Ngare Mara na mwenye duka hakuona haraka yoyote. Alhamisi asubuhi nilimfunga mtoto mgongoni, nikapanda boda boda, nikaenda shule.

Hiyo shule inajulikana Isiolo nzima, hata na wale ambao hawakusoma hapo. Historia yake imepakwa rangi ukutani upande wa ndani wa geti, na sisi tulikuwa tunaikariri wageni wakija. Ilianza kabla ya uhuru na vyumba viwili vya mabati, wanafunzi wakiwa wavulana wa wafugaji waliokusanywa kwa lori kutoka Kipsing mpaka Gotu. Baadaye ikapata madarasa ya mawe. Baadaye tena wasichana wakaruhusiwa. Ukutani inaishia hapo. Haisemi kwamba ugatuzi ulipokuja na kila kiongozi akataka kuonekana, tulichopata kwanza ni hilo geti, kubwa la kupitisha ndege, na jiwe la ufunguzi pembeni. Haisemi kwamba ilipoamuliwa kila mtoto aingie sekondari, shule ilipokea watoto bila kupokea vyumba.

Soja wa geti alinitambua.

"Wewe si ndiye yule wa mdahalo?"

"Ndiye."

"Na huyo mgongoni alitoka mdahalo gani?"

Nilimwangalia mpaka akafungua.

Karani wa shule alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alifungua kabati la chuma, akachomoa cheti changu, akakisoma, akakirudisha ndani. Nilikiona kabisa. Jina langu, alama zangu, na ile B ya Biolojia ambayo niliisomea nikitapika. Halafu akanipa fomu ya klirensi na kusema nirudi ikijaa.

Hiyo fomu ndiyo inatesa watu. Ukimaliza shule hupewi cheti mpaka kila idara isaini kwamba hukuondoka na mali yake: bweni, maktaba, maabara, michezo, chumba cha wagonjwa, na kadhalika. Yetu ilipigwa taipu zamani sana, ikatolewa kopi, kopi ikatolewa kopi, mpaka herufi zimelala upande. Nilianza kuzunguka nayo kama mtu anayeuza kitu.

Bwenini nilikuta kitanda changu kinalaza wawili juu na wawili chini. Ukumbi wa kulia nao umewekwa vitanda, kwa hivyo watoto wanakula githeri wamesimama chini ya migunga, sahani mkononi, upepo ukiwapigia vumbi ndani. Mwalimu wa bweni alisaini bila kuniangalia.

Maktaba ilikuwa imegeuzwa darasa la Kidato cha Kwanza. Vitabu vilikuwa kwenye katoni chini ya ubao, na madirishani watoto wamekaa kwa sababu viti havikutosha. Mwalimu alisimamisha somo ili asaini. Sauti moja ikatoka nyuma: "Mathe, na huyo mtoi pia ameitwa fomu wani?" Darasa lote likacheka, na mwalimu pia akacheka kidogo, kisha akajifanya anakohoa.

Maabara ni mpya na ni nzuri, ina mifereji kwenye kila meza, na hakuna hata mmoja unaotoa maji. Maji yanabebwa kwa madumu kutoka kisima cha shule, nayo ni ya chumvi. Nilisimama pale nikakumbuka mtihani wa Kemia, wanne kwa mrija mmoja, tumbo langu likifika mezani kabla yangu. Msimamizi wa mtihani alinikazia macho kana kwamba jibu nimelificha humo.

Chumba cha wagonjwa ndicho nilichokiogopa. Muuguzi wa shule ndiye alikuwa anatubonyeza matumbo kila muhula unapofunguliwa, wasichana kwenye foleni, sketi zimeshushwa, kama ng'ombe wa mnadani. Mwaka wangu wa mwisho alinibonyeza, akasimamisha vidole, akanitazama. Halafu akaandika "sawa" na kuita anayefuata. Siku hiyo nilipompa fomu alimfunua mtoto uso.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye, madam."

"Amenenepa," akasema, na kusaini. Huyo ndiye mtu pekee shule nzima aliyenitendea wema, na hata yeye alilazimika kuufanya kwa kudanganya.

Mchana nilibaki na mstari mmoja. Shamba.

Shule yetu ilikuwa na shamba. Nasema ilikuwa nalo kwa sababu nililima mwenyewe, kwa adhabu na bila adhabu. Lilianzia kisimani likateremka mpaka mtaro wa barabara ya lami, mahindi, maharagwe, na sukuma ya jikoni upande wenye maji. Nikiwa Kidato cha Tatu walikuja watu na vigingi, wakapima, wakasema unajengwa ukumbi wa vijana. Ukuta ulifika kiunoni ukasimama. Mwaka nilipomaliza tayari kulikuwa na vibanda vimepangwa kando ya barabara na mtu anavikodisha, na hakuna aliyetuambia ni nani.

Nilirudi kwa karani.

"Madam, hapa nani anasaini?"

"Mwalimu wa shamba."

"Yuko wapi?"

"Hayuko. Alistaafu."

"Na shamba?"

Alivua miwani. "Mimi sijui shamba liko wapi, mama mdogo. Najua mstari uko wapi, na uko wazi. Mkaguzi akikuta nimetoa cheti na mstari wazi, nitamwambia nini?"

Nikaenda kwa naibu wa mwalimu mkuu, maana mkuu mwenyewe alikuwa mkutanoni. Naibu ni kijana, alikuwa hata hajamaliza mwaka hapo. Alinipokea vizuri kwa salaam aleikum, akanipa kiti, akasoma fomu yote. Alipofika chini aliweka kalamu mezani polepole.

"Dada, nikusaidie kwa lingine. Hapa nikisaini, nimekubali kwamba mimi ndiye mwenye shamba. Siku moja mtu atakuja na hii karatasi aniulize, naibu, shamba ulilosaini liko wapi?"

"Lakini husaini kuchukua shamba. Unasaini kwamba sikuiba jembe."

"Najua. Lakini jina langu litakuwa hapo."

Nilizunguka na hiyo fomu mpaka saa kumi na moja. Mwalimu wa michezo alikataa, mwalimu wa Kilimo, yule ambaye kazi yake ni kufundisha kulima, alisema ana kipindi. Watu wenye digrii walikuwa wanaogopa neno moja kwenye karatasi. Mimi nilikuwa na mtoto aliyelowa mgongoni na siku moja imebaki, na hakuna aliyeogopa kwa ajili yangu.

Mpishi wa shule ndiye aliniambia mzee wa shamba, yule mwalimu aliyestaafu, anakaa wapi: nyuma ya soko la mifugo, nyumba yenye ukuta wa mabati ya bluu. Ijumaa asubuhi nilimkuta ameinama kwenye mistari mitatu ya sukuma anayoinyweshea maji ya kuoshea vyombo. Ni Mmeru, alikuja Isiolo akiwa kijana, na kwa miaka yote ya kazi tulimwogopa kuliko mwalimu mkuu.

"Habari, mzee."

Alinipima kuanzia miguuni.

"Wewe nakukumbuka. Ulikuwa unalima kama kuku, unachakura juu juu halafu unaangalia kama kuna mtu ameona."

"Ni mimi, mzee."

"Na bado una mikono hiyo hiyo. Keti."

Nilimweleza. Alisikiliza bila kukatiza, huku akimpa mtoto jani la sukuma achezee. Nilipomwambia wote wamekataa kusaini, alicheka mara moja, kicheko kikavu, akaingia ndani kutafuta miwani. Alirudi na kalamu na kitabu cha kuwekea fomu. Lakini hakusaini tu. Aliandika, kwa mwandiko wa zamani ule wa kupinda, kwenye nafasi yote iliyobaki: Shamba la shule lipo. Kutoka kisimani hadi mtaro wa lami, na mgunga mkubwa ndio mpaka wa upande wa juu. Nilipostaafu nililikabidhi likiwa zima. Mwanafunzi huyu hadaiwi. Kisha sahihi yake.

"Waambie wagonge muhuri hapo," akasema. "Nimengoja mtu aniletee karatasi ya shule niandike hayo maneno. Hata mmoja hakuja. Umekuja wewe."

Nilijua palepale kwamba maneno hayo yataniletea shida. Sitadanganya kusema sikujua. Lakini ungemwona huyo mzee alivyosimama, ungenyamaza pia.

Nilifika shule saa sita na nusu. Naibu alikuwa ameenda msikitini, ni Ijumaa, nikamngoja kwenye benchi la nje, mtoto akilia joto, nikamnyonyesha pale pale mbele ya wavulana wa Kidato cha Tatu na hakuna aliyethubutu kusema kitu. Naibu alirudi saa nane na nusu. Alisoma. Akasoma tena. Akafunga mlango.

"Salaam aleikum" yake ya jana ilikuwa imeisha.

"Nani alikutuma uniletee hii?"

"Hakuna. Mlisema mwalimu wa shamba asaini. Amesaini."

"Hii si sahihi. Hii ni kesi." Alishika ile karatasi kwa ncha za vidole. "Unajua wale wenye vibanda ni kina nani?"

"Sijui."

"Basi hata mimi sijui." Alifungua droo akatoa fomu mpya, tupu. Alikuwa na huruma, nataka kusema ukweli, macho yake yalikuwa na huruma kabisa, na ndiyo maana nilimchukia zaidi. "Hizi idara zingine nitakusainia zote sasa hivi. Kwa shamba, andika wewe mwenyewe. Andika: Nathibitisha kwamba katika muda wangu wote shule haikuwa na shamba. Weka sahihi. Karani atakupa cheti dakika hii."

"Niandike mimi?"

"Wewe ndiye unahitaji cheti."

Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa kasoro kumi. Nilifikiria mambo mengi, na sitajifanya yalikuwa ya maana. Nilifikiria kumpigia kelele. Nilifikiria kwenda na ile fomu ya mzee redioni, kana kwamba redio itanipa kazi. Nilimfikiria mama na zizi lake. Nilifikiria msichana fulani aliye wa kwanza kwenye orodha ya kungoja, simu yake iko mkononi, anaomba Mungu nisifike. Mtoto alikuwa amelala na mate yake yananitiririkia shingoni. Miaka yote ile ya kukariri ukuta wa geti mbele ya wageni, na sasa nilikuwa naandika historia ya shule kwa mkono wangu, na ilikuwa uongo.

Niliandika. Mwandiko ulitoka mzuri, kama ule niliokuwa naandikia hoja za mdahalo.

Naibu alichukua fomu ya mzee, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni mwa shati. Hakuirarua mbele yangu. Ile yangu ilipigwa muhuri na kuingia kwenye faili. Karani alinipa cheti ndani ya bahasha na kuniambia, "Si ungefanya hivyo jana." Chuoni nilifika saa kumi kasoro dakika ishirini. Mtu wa usajili alikishika cheti changu chini ya sekunde tano, akanionyesha pa kuweka kidole.

Mwaka wa pili wa masomo nilipelekwa kliniki ya presha kwa mafunzo, nikiwa na sare, saa ya kifuani, kila kitu. Kwenye foleni ya wazee, wa sita au wa saba, alikuwa yeye, mzee wa shamba. Amekonda. Vibanda vilikuwa vimekuwa vya mawe wakati huo, na ghorofa moja inaanza. Alikaa kwenye kiti cha mbele yangu, akanitambua.

"Kumbe walikubali," akasema.

"Walikubali, mzee."

"Ile karatasi wameiweka kwenye faili?"

Nilikuwa nimeshika kile kitambaa cha kupimia, natafuta pa kukifunga.

"Karatasi iko kwenye faili," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akaanza kuniambia kwamba siku moja mtu mwenye akili atalifungua hilo faili asome. Nikamwomba asiongee ninapopima, kwa sababu kuongea kunapandisha presha. Ilikuwa juu tayari. Nikaiandika kama ilivyokuwa.