Ufagio Mlangoni kwa Bibi

Juzi nimerudi Igogo, kwenye nyumba aliyonilelea bibi, nikapotea mbele ya mlango. Sitanii. Palipokuwa na uwanja wa wazi sasa pana ukuta wenye vipande vya chupa juu yake, na geti jeusi, na nyumba ya jirani nayo vivyo hivyo. Tukagonga, mimi na binti yangu, tukawa tunamsubiri mpangaji atafute funguo zake. Binti akaniuliza, "Mama, zamani huku kulikuwa salama?" Nikafungua mdomo kujibu ndiyo, kama watu wa umri wangu wanavyojibu, jibu likanigomea. Ngoja nikusimulie, labda wewe utaelewa kuliko mimi.

Nyumba yetu ilibanwa katikati ya mawe, na juu ya jiwe kubwa la nyuma bibi alianika michembe. Kama umekulia kule unaijua: viazi vitamu vilivyokatwakatwa vikapigwa jua mpaka vikakauka, na siku vikichemshwa na karanga mtoto hasikii hata akiitwa. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku. Mlango wetu haukuwa na kufuli. Bibi akitoka aliulaza ufagio wa nyasi kizingitini, na mtaa mzima ulielewa: hatupo, tunarudi, ukiwa na shida ingia. Jirani yetu, mama mmoja aliyetoka Bukoba, aliuruka ufagio ule karibu kila siku kuja kuchukua makaa ya moto au chumvi. Sisi nasi tuliuruka wa kwake, na ndizi zake za maharage tulizila bila kukaribishwa. Alimwita bibi mama, na bibi alimwita mwanangu.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa matupu yakajaa sabuni za kila rangi, mitumba ikamwagwa chini sokoni, na sangara wetu wakaanza kupanda ndege kwenda Ulaya. Mjomba, aliyekuwa akiuza samaki kiwandani, akamletea bibi redio ya kaseti mbili. Tuliivika kitambaa cha kufuma, tukaipa meza yake peke yake. Na hapo ndipo maneno ya wezi yalipoanza. Mara kwa fulani wamevunja, mara njiani wamekwapua. Wanaume wa mtaa wakaunda sungusungu, wakawa wanalinda kwa zamu, na marungu na filimbi. Sikujua kama wezi walikuja pamoja na vitu, au tulianza kuwaona kwa sababu sasa tulikuwa na vitu. Hata leo sijui. Bibi akawa hashuki ziwani kufua bila kugeuka nyuma kuitazama nyumba, lakini mlango aliendelea kuulazia ufagio.

Alasiri moja mvua ilitukuta ziwani, mvua ile ya kwetu isiyopiga hodi. Ilipokatika tukapanda na nguo zetu mbichi. Ufagio ulikuwa pale pale. Ndani, meza ilikuwa tupu.

Bibi akapiga mwano. Huo ni ukelele wa Kisukuma wa kuita msaada, na anayeusikia huacha alichoshika akakimbia kuufuata. "Ledio! Wamebeba ledio!" Uwanja ukajaa wanaume na marungu yao. Mimi nilikuwa nimeona kitu kilichonichanganya: michembe tuliyoiacha juu ya jiwe ilikuwa jikoni, imetandazwa kwenye ungo, mikavu. Nikamvuta bibi kitenge. "Bibi, mwizi gani anaanua michembe?" Hakunisikia. Nikamwambia na mtu mwingine, naye akanisukuma nikae pembeni.

Filimbi ziliponyamaza, tukaisikia redio. Ilikuwa inaimba kwa sauti ya juu kabisa, ndani kwa jirani.

Hawakuwahi kuupiga ule mlango, aliufungua mwenyewe. Redio ilikuwa mezani kwake, imefunikwa khanga yake nzuri ya kutokea. Akawaona wageni wote wale, akasema, "Karibuni."

Kiongozi wa sungusungu akamgeukia bibi. "Bibi, ni hii?"

"Ni hii."

Alijibu alichoulizwa tu. Lakini mikono ilikuwa imeshamshika jirani, wakamburuta nje matopeni. Nikasikia mtu akiulizia mafuta ya taa. Nikadhani ni kwa sababu giza linakaribia.

Jirani alimtazama bibi peke yake, akamwita kwa neno la heshima la kwao. "Waitu mama, bati renu rinavuja. Nimeikinga mvua. Nimeiwasha nione kama bado inasema."

Bibi akajipenyeza katikati ya marungu, akamkumbatia. "Mwanangu huyu! Anzeni na mimi!" Sijawahi kuogopa vile. Wakamwachia, wengine wakinung'unika kwamba sasa mwano ulikuwa wa nini.

Kesho yake akanunua kufuli. Nikamuuliza la nini, na mwizi hayupo. "Nikifunga, ng'wana wane," akasema, yaani mwanangu, "hakuna atakayemsingizia tena." Unaona? Alilinunua kwa ajili ya jirani. Tukafunga, tukaenda sokoni. Tunarudi, tukamwona jirani kwa mbali amekuja kuchukua moto, amesimama mbele ya lile kufuli na kigae chake mkononi. Akageuka akarudi kwake. Bibi alimfuata kumweleza, akajibiwa kwa upole kwamba hakuna neno, waitu, hakuna neno. Kabla ya jioni fundi alikuwa akigongelea komeo kwake.

Shikamoo na marahaba ziliendelea, moto hawakuombana tena. Baadaye jirani akahamia Buhongwa, na mtaa ukaendelea kuweka nondo madirishani, nyumba baada ya nyumba. Wezi wa kweli nao walikuja, sikatai. Walitukuta kila mtu ameshajifungia kwake.

Nilimsimulia binti yangu haya pale getini. Akaniuliza nani alikosea, nikamwambia sijui, na kweli sijui. Ninachokumbuka ni kwamba mpaka mwaka aliofariki, bibi akitoka alibana kufuli, akalivuta kuhakikisha, kisha akainama na kuulaza ufagio kizingitini kama zamani. Sikuwahi kumuuliza alikuwa anamwambia nani aingie.