Tanga Lililonuka Dagaa

Mvua ikinyesha, meza yangu inanuka dagaa. Mbao zake ni za mtumbwi wa baba, ule wa mashindano ya matanga pale Kigera.

Asubuhi ya mashindano baba alikuta mama kaanika dagaa juu ya tanga.

"Mama watoto, na leo?"

"Si lilikuwaga limekaa tu?"

Muda wa kulifua haukuwepo. Akalipandisha hivyo hivyo, magamba yakimetameta, na ndege weupe wa ziwa wakamfuata kundi zima. Wapinzani walicheka mpaka wakaachia kamba za matanga yao. Baba akashinda, shati limejaa mavi ya ndege. Mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, sisi watoto tulirukaruka majini na nguo zetu za kanisani.

"Mwakani uanike tena," akamwambia mama.

Jana fundi kaja na vanishi, eti itamaliza harufu. Nimemrudisha na kopo lake.