Dume Lililopigwa Halirudi

Juzi, kwenye banda la video pale Kayanga, nilikaa karibu na mzee mfugaji kutoka Mabira. Mwaka jana aligombea udiwani akabwagwa vibaya. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Huyo anayepigwa ni nani?"

"Ndiye bondia mwenyewe, mzee. Hii ni sehemu ya pili, wanatukumbusha alivyopigwa ile ya kwanza. Sasa anataka kurudi ulingoni."

Mzee akasonya. "Dume likishapigwa mbele ya majike halirudi. Huliwa nyama." Akaegemea fimbo yake, akakoroma.

Bondia akakimbia, akaruka kamba, akatapika, akakimbia tena. Mzee anakoroma tu. Kengele ya pambano ndiyo iliyomwamsha, akamwona yule mnyonge anaangusha jitu zima. Akaruka juu, fimbo nusura initoboe jicho.

"Kumbe linarudi!"

Banda zima likacheka. Yeye hakucheka. Akanishika mkono. "Mwanangu, fomu za udiwani zinatolewa lini tena?"

Sikumwambia kwamba mazoezi yote yalimpita usingizini. Ya nini? Kwa usingizi ule, udiwani anauweza kabisa.