Kamati ya Kipengo

Fundi alishonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango wazi tangu asubuhi, na hakuna aliyepita pale bila kusemwa. "Mwone yule naye," angesema huku akikata uzi kwa meno, "anatembea kama kameza rula." Alikuwa hodari wa cherehani, na hodari zaidi wa kudharau watu. Dharau yake aliiita akili.

Kwa hiyo wifi yake, mke wa kaka yake, alipomwalika kwenye kikao cha kuandaa siku ya kuzaliwa ya mtoto, Fundi alikwenda mbio. Vikao hakuvipenda hata kidogo. Alikwenda kucheka.

Mtoto mwenyewe alikuwa anatimiza miaka sita. Meno mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka kwa mpigo, ndiyo maana nyumba nzima ilimwita Kipengo. Jumapili ile alimdaka shangazi yake mlangoni, kabla hata hajavua kiatu cha pili.

"Shangazi, wewe ndiye utakayeandika?"

"Nani kakwambia?"

"Mama. Anasema una mwandiko mzuri. Basi niandikie watoto waje. Wa darasani kwetu wote. Na yule wa jirani anayejua kupiga mluzi."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Na keki, lakini keki si lazima."

Fundi akacheka, akamwahidi, akaingia ndani.

Sebuleni kulikuwa na kamati, na kamati yenyewe haikuwa ya mchezo. Mwenyekiti alikuwa bosi wa wifi kazini, mama mwenye sauti nene na wigi refu, aliyeendesha kila kikao kama anagawa vyeo. Pembeni yake aliketi mshereheshaji, kijana mwenye miwani ya jua ndani ya nyumba, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuongoza sherehe isiyo na bibi harusi, na wala hakuonyesha dalili ya kutaka kujifunza. Zikaundwa kamati ndogo: ya ukumbi, ya mapambo, ya sare, ya itifaki. Itifaki! Kwa mtoto ambaye juzi tu alikutwa anatafuna chaki. Fundi alipaliwa na chai.

Akafanywa katibu. Akaorodhesha: ukumbi, rangi, sare za akina mama, meza kuu, keki.

"Na watoto wenzake je?" wifi akauliza, kama mtu aliyekumbuka ghafla kwamba ameacha sufuria jikoni.

"Hao watie kwenye mengineyo," akasema mwenyekiti.

Fundi akaandika. Sita, mengineyo: watoto. Mwandiko ulipendeza kweli.

Aliyewahi kukaa kwenye kamati anaijua hiyo mengineyo. Inafikiwa watu wakiwa wameshashika mikoba, na mara nyingi haifikiwi kabisa. Siku ile walibishana saa mbili nzima kama sare iwe rangi ya maziwa au rangi ya mchanga, vipande viwili vya kitambaa vikizungushwa mkono kwa mkono na kuinuliwa dirishani. Fundi, aliyekula ujana wake kwenye vitambaa, aliona mara moja kwamba vyote viwili vimekatwa kwenye jora moja. Akaendelea kuandika. Utamu wa kuwatazama wapumbavu, alijiambia, ni kutowasaidia.

Kikao cha pili kilikuwa cha meza kuu, nani akae kulia kwa mtoto na nani kushoto. Mshereheshaji alisimama akaonyesha mwendo wa kuingia ukumbini, hatua mbili mbele, moja nyuma. "Na wasimamizi wake ni akina nani?" akauliza, uso mkavu. Cha tatu kikaliwa na keki, iwe ya ghorofa ngapi. Kila mara Fundi alinakili ajenda kwenye karatasi mpya, na kila mara watoto wakabaki palepale chini, kwa mwandiko uleule mzuri.

Huku nyumbani alikuwa anavuna. Alipokata zile sare aliwaigizia wateja wake kamati nzima, mmoja mmoja, mwenyekiti na wigi lake, kijana na hatua zake, mpaka watu wakafuta machozi na kushika mbavu. Kipengo akitoka shule alipitia hapo na mkoba wake mgongoni.

"Shangazi, umewaandika?"

"Nimewaandika. Tena mara tatu."

Wala hakuwa amesema uongo.

Kikao cha nne ndicho kilichokuwa cha mwisho, siku nne kabla ya sherehe. Kalamu ya Fundi ilikuwa juu ya neno watoto wakati mwenyekiti alipotupia saa jicho. "Kuna jingine, ndugu zangu?" Neno moja tu lingetosha. Lakini wigi la mwenyekiti lilikuwa limeteleza mpaka sikioni, na Fundi alikuwa analitazama kwa makini ili kesho aliigize vizuri.

"Hakuna," mtu akajibu, na mikoba ikainuka.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa akina mama thelathini na wawili wa rangi ya maziwa, au ya mchanga, na waume zao. Mwenyekiti alihutubia kuhusu bidii ya wifi kazini. Kipengo alikaa meza kuu, juu ya mito miwili, miguu ikining'inia na macho yakiwa mlangoni. Kila mlango ulipofunguliwa alinyanyuka kidogo, halafu akakaa.

"Sasa!" akanguruma mshereheshaji. "Watoto wote mbele! Tumwimbie mwenzetu!"

Muziki ukaanza. Hakuna aliyesogea. Akarudia, safari hii kwa sauti ya chini, akivua ile miwani na kuangaza huku na huku. Mtoto mwingine pekee mle ndani alikuwa na miezi minne, naye alikuwa usingizini. Kamati ya ukumbi ikaitazama ya mapambo, ya mapambo ikaitazama ya itifaki, wifi akamtazama mwenyekiti, na mwenyekiti akamgeukia katibu. Ndipo kijana akaokoa jahazi: "Basi leo sote watoto!" Wakubwa wakajikokota mbele, wakipiga makofi na kuyumbisha matumbo. Fundi alikuwa hajaona kichekesho kama kile, na hakuweza kucheka.

Kipengo akapita chini ya meza, akamtokea miguuni.

"Shangazi, ulisahau?"

Jibu rahisi lilikuwepo. Mtoto huyu alisahau kikopo chake cha chakula shuleni karibu kila siku, na angesamehe bila kinyongo. Fundi aliona haya kumdanganya.

"Sikusahau."

Kipengo akangoja aambiwe zaidi.

"Kumbe ulikuwa unakumbuka siku zote?"

"Ndiyo, mwanangu."

Mtoto akarudi kwenye mito yake, akashikwa mkono, akakata keki. Alipoulizwa kipande cha kwanza anamlisha nani, mama yake alikuwa ameshafungua mdomo tayari kwa picha. Kipengo akampelekea mshereheshaji, kwa sababu, alisema kwenye kipaza sauti, huyu ndiye aliyewaita watoto.