Maziwa kabla ya sindano

Tangu kaka yake baba alipoanguka uani akifunga viatu, akafa kabla hatujamgeuza, nimekuwa mlinzi wa moyo wa baba yangu bila kuajiriwa na mtu. Akisinzia kitini, najikuta nimesimama nyuma yake nikiangalia shati lake likipanda na kushuka. Naogopa, na sifichi.

Asubuhi moja ya kiangazi nilimpeleka kupimwa mafuta ya damu. Kutoka mtaani kwetu Shituru tulitembea polepole. Baiskeli za wafanyakazi zilitokea kwenye ukungu na kumezwa tena, bila sauti, nikaona kana kwamba tunapita ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Tulikuwa tumeambiwa asile wala kunywa chochote ila maji tangu jioni.

"Papa, haukukula kitu?" muuguzi akamuuliza.

"Niko à jeun, tumbo tupu," baba akajibu, kifua mbele.

Damu ikaingia kichupani, nzito, yenye giza. Niliitazama hadi nikasahau nilipo. Nilitamani kuiuliza kama itatuachia mzee wetu.

Siku ya majibu, daktari alituonyesha aina moja ya mafuta iliyopanda mno. Si ugonjwa, alisema, ni onyo tu kwamba moyo unaweza kupata taabu huko mbele. Lakini kiasi kile kilimshangaza.

"Papa, kweli haukukunywa kitu?"

"Lait tu. Gobelet moja."

Nilitaka kucheka, nikataka pia kumfinya. Miaka yote aliyofanya kazi kwenye tanuri za shaba, yeye na wenzake walikunywa maziwa ili yawasafishe vumbi na moshi, na siku ya kupimwa damu waliongeza kikombe. Kwake maziwa hayakuwa chakula, yalikuwa sabuni ya ndani. Mtu mzima na mvi zake, ameiosha damu kwanza ndipo akaenda kuionyesha!

Tulirudia kipimo, safari hii nikimchunga mwenyewe. Mafuta yale yalishuka, ila aina nyingine, kolesteroli, ilibaki juu, na hiyo haikuwa kazi ya maziwa. Akaandikiwa dawa, akakatazwa nyama ya mafuta aipendayo. Njiani nilimgombeza: kwa nini hakuniambia, anadhani tunacheza?

Alisimama. Ukungu wa asubuhi ulikuwa umeondoka, na jua jembamba lilikuwa limelala barabarani.

"Mama," akasema, maana nimerithi jina la mama yake, "kule ku kazi, muntu akikuwa na damu mubaya, balikuwa banamurudisha ku nyumba. Sasa miye niko ku nyumba. Batanirudisha wapi?"

Nilimshika mkono. Alilalamika kwamba namuumiza, lakini sikumwachia.